Damu na Baridi Zasingiziwa

Kila mwaka, Juni ikwishapo na Julai kuingia, mawingu hushuka juu ya Nairobi yakakaa kama kifuniko juu ya chungu. Huweza kupita siku nyingi jua lisionekane. Katika mitaa ya mashariki ya mji, ile watu waiitayo Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hata Dandora na Kayole, milango hufungwa mapema na jiko la makaa huingizwa ndani. Usiku husikika kikohozi kikavu, na baada ya kikohozi mlio mwembamba wa pumzi itafutayo njia. Mtoto huketi kitandani mabega yamepanda, shingo imekaza, akivuta hewa kama mtu anywaye maji kwa tundu la sindano. Asubuhi jirani huja kuuliza hali, na jibu alipatalo huwa moja katika mawili. Huambiwa, "Ni baridi hii." Au huambiwa, "Ni ya ukoo wao. Hata babu yake alikuwa nayo." Kisha watu hutikisa vichwa, wakaenda zao kazini.

Msomaji, nataka kugombana na majibu hayo mawili. Lau yangalikuwa uongo mtupu ningaliyaacha, maana uongo mtupu haudumu. Lakini kila moja lina chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoyapa maisha marefu. Ugomvi wangu ni juu ya kazi yanayofanyishwa. Hutumiwa kufunga mazungumzo. Mtu akisema ni baridi, nani atakayemshitaki Julai? Akisema ni damu, nani atakayekwenda kumbadilisha babu? Mhalifu hayupo, basi na kesi haipo. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, wakasema tena mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini hawakuyasema hayo wamesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, wala hawakuyatoa yawe hati ya kumnyima mtu dawa.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mirija ya pumzi hugawanyika ndani ya mapafu kama matawi ya mti, yakizidi kuwa membamba kila yagawanyikapo. Kwa mwenye pumu, ngozi laini ya ndani ya mirija hiyo imevimba, hata siku ile achezayo mpira bila ya taabu. Kikija kichokozi, kama moshi, vumbi, mafua au hewa ya baridi, misuli izungukayo mirija hukaza, makohozi hujaa, na njia ikazidi kuwa finyu. Yako basi mambo mawili, uvimbe na mkazo, na kila moja lina dawa yake. Inhela ya buluu, yenye salbutamoli, hulegeza misuli kwa dakika chache. Inhela ya kuzuia, yenye dawa ya jamii ya steroidi kama beklometasoni au budesonidi, hupunguza uvimbe polepole, siku kwa siku, na mtumiaji haoni ajabu yo yote siku aanzapo. Ya kwanza huyateka maji yaliyoingia mtumbwini. Ya pili huziba tundu. Atumiaye ya kwanza peke yake hupata nafuu, akaamini amepona, na uvimbe huendelea chini kwa chini. Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, liitwalo GINA, lilishauri kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe tena kwa dawa ya buluu peke yake.

Sasa nikupeleke mitaani. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa Tupumue, uliofanywa na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) pamoja na wenzao wa chuo cha tiba ya nchi za joto cha Liverpool. Walichunguza wanafunzi 2,373 wenye umri wa miaka 5 hata 18: 1,277 wa Mukuru, mtaa wa mabanda ulio karibu na viwanda, na 1,096 wa Buruburu, mtaa wa nyumba za mawe na nyua. Baina ya mitaa hiyo miwili ni mwendo wa kilomita chache tu. Baridi ya Julai huifikia yote kwa siku moja. Na damu je? Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na wengineo wamo huku na wamo kule. Huenda ndugu wa tumbo moja mmoja akapanga Buruburu na mwingine akajenga Mukuru. Hapana daktari awezaye kumtazama mtoto jeni zake akasema huyu ni wa mtaa gani.

Tazama basi walichokikuta. Watoto waliopata mlio wa kifua katika miezi 12 iliyotangulia walikuwa asilimia 9.5 Mukuru na asilimia 6.4 Buruburu, na taabu ya wale wa Mukuru ilikuwa kali zaidi. Mashine ya kupima nguvu ya mapafu, lakini, haikuona tofauti baina ya mitaa hiyo miwili. Kisha likaja jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Watoto waliokwisha kuambiwa na mganga kwamba wana pumu walikuwa asilimia 2.8 Buruburu, na asilimia 1.2 tu Mukuru. Yaani pale palipo na mlio mwingi zaidi wa kifua, ndipo palipo na watoto wachache zaidi waliopewa jina la ugonjwa wao. Na asiyepewa jina la ugonjwa hapewi dawa ya kuzuia. Hupewa dawa ya kikohozi, hupewa viuavijasumu visivyomhusu, huambiwa avae sweta.

Watafiti hao waliona pia mambo yaliyoandamana na taabu ya pumzi katika mitaa yote miwili, Buruburu isiachwe: moshi na vumbi na mvuke, dawa ya mbu ya kuchoma, mvuta sigara ndani ya nyumba, taka zichomwazo karibu, na kukaa kando ya barabara kubwa. Katika hayo hamna babu hata mmoja. Na aijuaye Eastlands hakuhitaji kuambiwa habari ya taka. Jaa la Dandora lilifunguliwa katika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari yakaendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hii hii, lilitoa taarifa juu ya watoto 328 waliokaa karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na maradhi ya njia za pumzi. Je, tuseme nusu ya watoto wale walikuwa wa ukoo mmoja?

Nirudi kwenye baridi, nisije nikashitakiwa kuwa nimeikimbia. Ni kweli kwamba hewa ya baridi humchokoza mwenye pumu. Hewa ya namna hiyo huwa na unyevu kidogo sana. Mirija ya pumzi hulazimika kuipasha moto na kuilowesha kabla ya kuifikisha mapafuni, na katika kazi hiyo hukauka, ikakasirika, ikakaza. Ndiyo sababu mtoto akimbiaye asubuhi ya Julai huanza kukohoa, na ndiyo sababu pumu huonekana sana miongoni mwa washindani wa mbio za theluji wa Sweden na Norway. Lakini sikiliza. Nairobi iko katika kimo cha mita 1,700 hivi, na usiku wa Julai hushuka hata nyuzi 10 au 12 za Selsiasi. Mfini akisikia kwamba hiyo ndiyo baridi yetu atacheka. Julai ya Nairobi huja na wenzake: mafua yaambukizwayo katika vyumba vilivyofungwa, na moshi wa jiko uliokosa dirisha. Mwizi ameingia na wenzake wawili, nasi twamkamata yule mmoja asiyeweza kufungwa.

Nimemtaja Mfini kwa makusudi. Finland ni nchi ambayo theluji hukaa miezi. Mwaka 1994 serikali na waganga wake walianza mpango wa miaka kumi juu ya pumu. Waliwafundisha madaktari, wauguzi na wauza dawa. Waliutambua ugonjwa mapema. Walimpa mgonjwa dawa ya kuzuia tangu mwanzo, wakamfundisha kuitumia mwenyewe. Wakapigana na sigara. Siku ambazo wagonjwa wa pumu walilazwa hospitali zilikuwa kama 110,000 mwaka 1993. Mwaka 2003 zilikuwa kama 51,000, na huku idadi ya waliotambuliwa kuwa na pumu ilikuwa imeongezeka. Theluji haikupungua nusu katika miaka hiyo. Wala Wafini hawakubadilishana damu na taifa jingine.

Mpakani mwa nchi hiyo upo mfano mwingine. Karelia ni nchi iliyogawanywa baada ya Vita Vikuu vya Pili, upande mmoja ukabaki Finland, wa pili ukawa wa Warusi. Watu wa pande hizo wana nasaba zilizo karibu, na majira yao ya baridi ni yale yale. Wataalamu walipowalinganisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, waliona kwamba pumu na mizio ilikuwa mingi zaidi upande wa Finland, ulio tajiri, na wao wadhani kwamba maisha ya karibu na udongo, mifugo na msitu yaliwakinga wale wa upande wa pili. Huenda utaniuliza, mbona huko umaskini ulikinga, na Mukuru hukukinga? Ni swali zuri. Umaskini wa kijijini penye ng'ombe na msitu si umaskini wa chumba kimoja penye moshi wa plastiki. Nami sikuuleta mfano huu kuusifu umaskini, ila kuonyesha kwamba baridi na nasaba zaweza kukaa zilivyo, na ugonjwa ukabadilika.

Tuje sasa kwenye damu, maana hapa ndipo penye elimu nzuri na hila mbaya. Mwanafunzi asinisikie vibaya: pumu kweli hufuata koo. Katika kisiwa cha Tristan da Cunha, katikati ya bahari ya Atlantiki ya kusini, watu wachache waliozaa kizazi chote cha kisiwa waliwaachia wajukuu wao pumu nyingi mno. Tena jeni huweza kugusa hata namna dawa ifanyavyo kazi. Juu ya misuli ya mirija ya pumzi viko vipokezi ambavyo salbutamoli hushika, kama ufunguo ushikavyo kitasa. Jeni iundayo kitasa hicho haifanani kwa watu wote. Mahali pamoja, pa 16, wengine wana umbo liitwalo ajinini na wengine glisini. Tangu miaka ya 2000 tafiti kadhaa ziliona kwamba wagonjwa wenye ajinini kutoka kwa wazazi wote wawili hawakufaidika vyema kwa kuitumia salbutamoli kila siku. Habari hiyo ilivuma, na watu wakaanza kuota dawa ya kila mtu kwa jeni zake.

Kisha mwaka 2009 utafiti mwingine wa Marekani uliyachukua makundi yote mawili, ukayapa salmeteroli, ndugu ya salbutamoli akaaye mwilini kwa saa nyingi, pamoja na dawa ya steroidi ya kuvuta. Nguvu ya pumzi ya asubuhi ikaongezeka kwa makundi yote mawili. Kipimo kingine, cha wepesi wa mirija kukasirika, kilibaki na tofauti, wala siifichi. Lakini angalia somo lililomo: tofauti ya jeni iliyowatisha watu sana pale dawa ya kulegeza ilipotumiwa peke yake, ilipoteza makali mengi mara uvimbe nao ulipotibiwa.

Kisa cha pili ni kikali zaidi. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani juu ya salmeteroli hiyo, lenye wagonjwa zaidi ya 26,000. Vifo vilivyotokana na pumu vilikuwa 13 kwa waliopewa dawa na 3 kwa wasiopewa, na hatari ilionekana zaidi kwa Wamarekani weusi. Mara watu wakanyosha vidole kwenye damu ya Mwafrika. Lakini ndani ya taarifa ile ile ilikuwamo hesabu nyingine: jaribio lilipoanza, wagonjwa weupe 49 katika 100 walikuwa wakitumia steroidi ya kuvuta, na weusi 38 tu. Waliokosa dawa ya kuzuia walikuwa wengi upande ule ule uliolaumiwa kwa damu yake. Sisemi hesabu hiyo yaeleza kila kifo. Nasema ilikuwa mezani, na jicho lililozoea kutafuta ila katika ngozi liliiruka. Majaribio makubwa yaliyofuata, yenye dawa zote mbili katika inhela moja, hayakuiona hatari ile, na mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Marekani waliliondoa onyo kali katika inhela za namna hiyo.

Jicho hilo lina historia. Mwingereza John Hutchinson alitangaza mashine ya kupima pumzi mwaka 1846. Haukupita muda, mwaka 1851, daktari mmoja wa Marekani ya kusini, Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, akadai kwamba mapafu ya mtu mweusi yamepungukiwa kwa asilimia 20, na kwamba kazi ya utumwa yamfaa kwa afya yake. Utumwa ulikwisha, hesabu haikwisha. Kwa miongo mingi mashine za kupimia mapafu zilipunguza kipimo kilichotarajiwa kwa mtu mweusi kwa asilimia 10 hata 15, hata akapumua kwa upungufu na mashine ikaandika, "Huyu hajambo, kwa mtu wa asili yake." Chama cha waganga wa kifua cha Marekani kilishauri mwaka 2023 kwamba hesabu ya rangi iachwe. Miaka zaidi ya 170! Hayo ndiyo matunda ya kuitia damu katika hesabu kabla ya kuuliza mtu alivuta hewa gani.

Yamkini utadhani ninakutaka uichukie elimu ya jeni. Hasha. Nakutaka uidai. Hata mwaka 2018, katika kila watu 100 waliochunguzwa jeni zao duniani ili kutafuta asili ya maradhi, 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na wawili tu Waafrika. Na hali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara jingine lo lote: mwaka 2020 wataalamu waliochunguza Waafrika 426 wa jamii 50 walikuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Basi neno "damu ya Mwafrika" halina maana ya kisayansi. Mturkana na Mgiriama wanaokaa ploti moja Umoja huenda wakapishana kwa jeni kuliko wanavyopishana Mwitalia na Mswidi. Daktari atakayekwambia dawa fulani haiwafai Waafrika, muulize Waafrika gani, na walipimwa wapi. Ikiwa siku moja tone la damu litatuambia mgonjwa gani apewe dawa ipi, na lituambie. Ila tone hilo litolewe hapa pia, na watu wetu wawe ndani ya chumba cha wapimaji.

Wako wasomi wasemao tungoje siku hiyo. Hao siwaelewi. Mtoto wa Mukuru asiyepewa hata jina la ugonjwa wake, angojee jeni zake zisomwe? Dawa ya kuzuia imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, haikuvumbuliwa jana. Wako na wengine, wasio wasomi, wasemao inhela humzoesha mtu, ati akianza haachi, na kwamba ni ya wanaokaribia kufa. Hawa nawaelewa, maana wamewaona wengi wakifa na inhela ya buluu mkononi. Walichokiona ni cha kweli, wakakifasiri visivyo: mgonjwa yule alikufa kwa uvimbe ambao dawa ya buluu haikuumbwa kuutibu.

Na wewe, msomaji uliye darasani, usidhani maneno haya yamwendea waziri peke yake. Waweza kumwambia mama jiko liwakie nje mpaka makaa yashike, na dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe chandarua. Waweza kumwuliza mganga, bila ya kumvunjia heshima, "Hii ni ya kulegeza au ya kuzuia?" Waweza kuacha kumcheka mwenzako avutaye inhela kabla ya mbio. Hata chupa ina kazi. Dawa ya inhela ikipulizwa moja kwa moja kinywani, nyingi hugonga koo ikaishia hapo. Hivyo hutiwa chombo cha katikati ili mtoto aivute taratibu, na chombo cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, iliwasaidia watoto walioshikwa na pumu sawasawa na chombo cha kiwandani.

Shule nazo zina neno la kujibu. Katika shule nyingi inhela ya mwanafunzi huchukuliwa mlangoni pamoja na dawa nyingine, ikafungiwa kabatini kwa usalama. Sina ugomvi na usalama. Nauliza tu, ufunguo wa kabati hilo anao nani, na saa nane ya usiku wa Julai, mtoto akishikwa bwenini, mtu huyo hulala wapi?